Ufunguo wa Barua Zangu

Shemeji yangu Padi aliwaandikia wateja wangu kwamba nimekufa. Aliandika kutoka anwani yangu mwenyewe ya barua pepe, akawaomba tangu siku hiyo wanunue shanga kwake. Hakunipiga, hakunitukana. Alinizika tu nikiwa hai, nikisaga chupa uani kwangu hapa Odumase.

Mimi ni Korkor. Sikwenda shule, herufi nilifundishwa kanisani ukubwani, nikiwa tayari na watoto wanne. Lakini shanga zangu za kioo zilivuka bahari kabla sijajua kuandika jina langu. Marehemu mume wangu ndiye aliyenipeleka kwenye kibanda cha kompyuta cha mdogo wake, huyohuyo Padi, pale soko la Agomanya, nifunguliwe barua pepe. Sote tuliofunguliwa pale, mahali pa namba ya simu Padi alituandikia yake. Hatukuona ubaya. Laini zetu tulizibadilisha kila kampuni ilipotoa salio la bure, yake ilikuwa ileile miaka yote.

Habari za kifo changu nilizipata posta. Marijke, Mholanzi aliyenunua shanga kwangu kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa ametuma kadi ya rambirambi: "Kwa watoto wa marehemu Korkor." Nikaenda nayo moja kwa moja kibandani.

"Padi, nimekufa lini?"

Akacheka. "Shemeji, hayo ni maneno ya biashara tu. Macho yako siku hizi hata tundu la shanga hayalioni. Waache wazungu waje kwa mwenye nguvu."

"Nirudishie barua zangu."

"Barua zako? Namba yangu, kompyuta yangu. Wewe una nini humo?"

Nilikuwa na wateja kumi na wanne humo. Jina langu lote lilikuwa humo.

Nilimwendea Mawusi, mwanamke kutoka mji wa Ho anayetengeneza simu karibu na wauza madonge ya mahindi, kenkey. Akanibadilishia neno la siri saa sita mchana. Kabla sijamaliza kula ugali wangu wa banku, Padi alikuwa amelibadilisha tena, maana kila namba ya uthibitisho ilitumwa kwake. Mawusi akajaribu njia ya swali la siri, akaona swali lenyewe: wewe ni mtoto wa kike wa ngapi kwa mama yako? Hata mbuzi wa Agomanya anajua jibu. Kwetu Wakrobo, Korkor ni binti wa pili.

"Mama, nyumba hiyo kila mtu ana ufunguo wake," alisema. "Hama."

"Nihamie wapi?"

Akaniwekea kampuni mbili za barua pepe mbele yangu. Ya kwanza kubwa, ya bure, kila mtu anaitumia. Ukisahau neno la siri wanatuma namba kwenye simu. Ukipoteza simu wanakuuliza maswali. Ya pili ndogo, unalipa kidogo kwa mwaka, na inafunguliwa kwa kifunguo cha plastiki unachochomeka kwenye simu. Ukikipoteza na cha akiba pia, hakuna wa kukufungulia, hata ulie damu.

Nilisaga kioo siku tatu nikiwaza. Mlango rahisi kwangu ni rahisi kwa Padi vilevile. Hilo nililiona mapema. Kilichonitisha ni ule mgumu. Msimu mmoja tu wa vumbi nilipoteza simu mbili na miwani. Je, nikiwapoteza wateja mara ya pili, kwa mkono wangu? Kwa kosa la Padi ninaye wa kumlaani. Kwa la kwangu ningemlaani nani?

"Mama Korkor," Mawusi aliniuliza, "kitu gani hujawahi kukipoteza maisha yako yote?"

Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe. Shanga za kiunoni nimezivaa tangu utoto. Nimeoga nazo, nimezaa nazo, na mwanamume pekee aliyeruhusiwa kuzigusa yuko kaburini.

"Hicho kifunguo kinaoga?"

"Kinaoga, mama. Usikipike tu."

Akanifungulia anwani mpya kwenye ile kampuni ndogo, tukaagiza vifunguo viwili kutoka Accra. Kimoja nikakitunga kwenye shanga zangu, cha pili akakitunga dada yangu Dede kule Somanya, naye hajawahi kupoteza hata sindano.

Sikumwambia mtu. Kwanza nilikwenda benki na kitambulisho changu, nikabadilisha anwani na namba ili Padi asiingilie huko. Kwenye swali lao la siri, mimi ni mtoto wa ngapi, nikasema wa tisa, Padi asikisie. Kisha nikaenda kwa wasafirisha vifurushi, nako nikabadilisha. Wateja niliwaacha mwisho.

Anwani zao nilizitoa kwenye karatasi za vifurushi nilizohifadhi ndani ya kopo la maziwa. Mchwa walikuwa wamekula baadhi. Zilisomeka kumi na moja, nikawaandikia wenyewe kwamba niko hai. Marijke akajibu siku ileile: Padi ameshatuonya kwamba mwizi atakuja na jina la marehemu. Nikamwambia apige simu ya picha. Alinikuta mbele ya tanuru, nikizungusha shanga za moto kwa msumari kama alivyoniona alipotutembelea.

"Korkor! Ni wewe?"

"Ni mimi. Ngoja kidogo, zitaungua."

Alilia, akacheka, akaagiza shanga mia nne. Mwezi haukuisha, wote kumi na mmoja walikuwa wamerudi.

Jumatano ya soko Padi akaja mezani kwangu, jasho linamtoka. "Shemeji, barua zimekauka. Umeweka namba ya nani?"

"Hakuna namba. Kuna ufunguo."

"Uko wapi?"

Nikasimama, nikajipiga kiuno. "Uko hapa, umetungwa na shanga. Njoo uuchukue, soko zima linatazama."

"Nenda, Padi!" akapiga kelele muuza samaki. "Mbona miguu imeota mizizi?"

Wanawake walicheka mpaka mizani zikatikisika. Padi aliondoka kwa nyuma ya vibanda, na hadi leo hapiti mstari wetu.

Lakini wateja watatu, wale ambao karatasi zao ziliishia tumboni mwa mchwa, bado wanaamini niko kaburini. Anwani zao anazo Padi peke yake. Anadaiwa barua tatu, aziandike kwa jina lake mwenyewe, aseme kwamba Korkor yu hai na kwamba yeye ndiye aliyemzika.