Dodoso la Kwanza

Nilipanda mlimani kwetu Matombo na bunda la madodoso kwenye mfuko wa plastiki, nikiwa na uhakika wa mtu aliyesoma nadharia moja na kufaulu mtihani wake. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini, Kihonda, huku nikisomea shahada ya sosholojia, na utafiti wangu ulihusu kwa nini watu wa milimani wanahama. Vitabu vilisema wapo wanaosukumwa na shida na wapo wanaovutwa na mshahara. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama ya vema tu.

Nilianza na mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, kwa sababu kwake chakula hakikosekani. Nilimkuta uani akikwangua magome ya mdalasini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwangu. Umekuja kulima?"

"Nimekuja kuuliza maswali."

"Haya, uliza. Mikono ndiyo ina kazi, mdomo hauna."

Nikamsomea: vijana wa ukoo wetu walioko Kihonda walihama kwa sababu ya ajira, uchovu wa ardhi, au huduma za jamii? Akacheka mpaka akakohoa.

"Ajira gani? Walikwenda kwa sababu mama yako mdogo ana kochi."

Nilitaka kubisha nikashindwa. Mimi mwenyewe niliposhuka mjini nililala kwenye kochi hilohilo, na kazi ikanikuta palepale. Siku hizi zamu ni yangu. Kochi langu halijawahi kumaliza mwezi bila binamu juu yake. Vitabuni huo ni mtandao wa jamaa, na umepewa sura nzima. Mjomba aliumaliza kabla ya gome la pili.

Sasa, ili kumwonyesha dodoso linavyojazwa, nilikuwa nimejaza la kwanza kwa habari zangu. Akataka nilisome. Nikasoma kwa sauti ya kitaalamu: mwanamke, mwalimu, amehama, sababu ni kazi, nia ya kurudi hana.

Kisu kikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia, safari hii kwa sauti ya mpwa.

Kwetu Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye msimamizi. Kishamba cha mama, kile cha juu ya kijito, kilikuwa kinanisubiri. Kingenisubiri hata nizeeke, ilimradi nisitamke mbele ya mjomba kwamba sikihitaji. Na mimi nilikuwa nimetamka, tena kwa maandishi!

"Basi," akasema kwa upole, "binamu yako ana watoto wanne na anakiomba. Kesho nitampa."

Sikuweza kumlaumu, lakini nilishikwa na wivu ambao sikujua ninao. Pale ndipo mama alinifundisha kupalilia, na nyimbo zote ninazozijua.

"Mjomba, ule ni mfano tu!"

"Mfano wa nani?"

Nikachukua jembe, nikapanda hadi kwenye kishamba cha mama. Nilichimba mashimo ya migomba kwa viatu vya mjini hadi nikatoka malengelenge, mjomba kasimama pembeni na koti lake la mvua, akikosoa kila shimo. Machipukizi sita ya migomba alinipa binamu yuleyule aliyekiomba kishamba, naye akacheka mpaka akakaa chini. Tukakubaliana kama desturi inavyotaka: yeye alime maharage na mahindi, vitu vya msimu, na migomba iwe yangu, maana mwenye mazao ya kudumu ndiye mwenye shamba. Nilishuka mlima mgongo unauma na furaha tele.

Msimamizi wangu wa chuo alilishika dodoso la kwanza kwa ncha za vidole, maana lilikuwa na udongo. Akauliza kwa nini kwenye nia ya kurudi nimekata "hana" halafu sikuandika kitu.

"Huyu mtu amehama au hajahama?"

Nikamwomba asubiri mkungu wa kwanza.