Nyimbo za Bibi kwa Kinyozi

Bibi yangu, kule juu Uluguru, aliniimbia nyimbo za mwali huku simu yangu ikirekodi, kwa sharti moja: mwanaume asizisikie. Alibakiza mmoja tu, wa kumtoa mwali nje. Alisema koo limechoka, nirudi baada ya kuvuna maharage. Binti yangu ana miaka miwili. Siku atakapovunja ungo, bibi hatakuwepo. Ndiyo maana nilirekodi.

Programu za muziki za kwenye simu zilinichefua. Unaweka wimbo wa kumfungia mwali ndani, programu inarukia wa kumchezesha, katikati tangazo la sabuni. Nyimbo hizi zina mpangilio, hazirukwi! Nikaifanya laptop kuukuu ya mume wangu kuwa seva, nikajifunza kwenye video mtoto akiwa mgongoni, mpaka nikaandika ukurasa wangu mwenyewe. Unaufungua kwenye simu, nyimbo zinafuatana kama bibi alivyoziimba. Kitufe cha kuzichanganya sikukiweka. Mimi huyu wa kidato cha nne, niliyefeli hisabati.

Paswedi nayo sikuiweka. Nani ana muda wa kuandika herufi nane mtoto analia? Nikajiambia ni waifai ya nyumbani, ataingia nani. Upumbavu wangu huo, maana waifai hiyo tunatumia na kinyozi wa fremu ya mbele.

Jumamosi mchana natoka sokoni, namsikia bibi yangu anaimba barabarani. Spika ya kinyozi. Wanaume wamejaa kwenye benchi, wanacheka.

"Shem, bibi yako noma!" kinyozi akaniambia. "Mistari gani ile!"

"Zima."

"Ah, shem, si tunasikiliza tu..."

Nikachomoa waya ukutani. Mashine ya kunyolea nayo ikazima, mtu kanyolewa nusu kichwa. Sikumwomba radhi.

Aliyempa anwani ya ukurasa ni mume wangu.

"Nilikuwa najivunia mke wangu," akasema. "Kwani kuna nini? Ni nyimbo tu."

"Nyimbo tu? Haya, kamwimbie mama yako, baba yako akiwa amekaa hapo."



Paswedi niliiweka siku hiyohiyo, kama mtu anayefunga banda kuku wameshaliwa. Ningeweza kumficha bibi jambo hilo, lakini sikumficha. Nilipanda mlimani, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia yote. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliendelea kupukuchua maharage.

"Uliobaki siuimbi kwenye simu," akasema.

"Bibi, mtoto bado mdogo, hatakumbuka."

"Utakumbuka wewe."

Akaichukua simu yangu, akaitia ndani ya sufuria, akafunika. Akauimba mara moja tu. Nilishika nusu, labda pungufu.

Kwenye ukurasa nimeuwekea nafasi yake, wa mwisho. Jina lipo, kitufe kipo, sauti hakuna. Juzi mume wangu aliuona akaniuliza kama umeharibika, aniitie fundi.

Nikamwambia akamuulize kinyozi.