Mkono Wangu Juu ya Moyo wa Adey

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wa nyumba yangu na wa nyumba za watu, kaeni chini kwanza. Mimi sikusoma sana. Herufi nilifundishwa na mjukuu wangu nikiwa na mvi tayari, kwa hiyo nikikosea maandishi mnisamehe. Ninachokisema sikikosei.

Ilikuwa asubuhi huku kwetu Sangailu, nchi kavu ya wafugaji, siku za Mwingereza, wakati hata kupeleka mbuzi sokoni uliomba pasi ya serikali. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Abdi, na kiangazi kilikuwa kimemkausha maziwa. Mtoto aliishi kwa ng'ombe mmoja tu, Adey, mweupe, mkaidi, na aliyemkamua ni mimi. Kwetu ngamia hukamuliwa na wanaume, ng'ombe ni kazi ya wanawake. Basi mjue: Adey akifa, Abdi hana cha kunywa.

Kijiti cha mgunga kilimchoma Adey kikavunjikia ndani ya paja. Paja likavimba, likaanza kunuka. Adeer Hirsi, ndugu mkubwa wa baba yangu, alitaka kumfunga kamba na kumpasua hivyo hivyo, kama walivyofanya siku zote. Lakini wiki ile daktari wa mifugo, Mzungu, alikuwa amepiga hema karibu na kisima, pamoja na dresa wake, yaani msaidizi wa kutibu vidonda, kijana wa kwetu aliyejua Kiswahili. Walikuwa na dawa ya kunusa, klorofomu. Inatiwa matone kwenye pamba, pamba inawekwa ndani ya mfuko, mfuko unavishwa mdomo na pua, mnyama analala.

Tukawaita, na Adey akalala. Adeer akamfunga kamba hata hivyo, kwa sababu dawa ya wageni hakuiamini. Dresa akanionyesha kwa kidole nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, upande wa kushoto.

"Weka mkono hapo. Wewe unayemkamua ndiye unayemjua. Moyo ukienda mbio, sema. Ukilegea, sema."

Adeer akacheka. "Dresa, umekosa wanaume?"

"Wanaume wote wameshika kamba, adeer."

Daktari akakata. Adey hakupiga teke, hakulia, hata sikio halikutikisika. Wanaume wakafurahi. "Wallahi, gogo!" Lakini chini ya kiganja changu mambo yalikuwa mengine. Moyo ulikuwa ukiruka kama mwanambuzi aliyetiwa guniani. Nikainua kichwa niseme, nikakutana na jicho la Adeer. Msichana hasemi mbele ya wanaume walioshika kisu. Nikanyamaza.

Wanangu, hilo ndilo kosa langu, na silifichi. Nilimpenda yule ng'ombe, nilijua anasikia kisu, na nilifunga mdomo kwa sababu ya jicho la mtu.

Kisu kikaingia tena, moyo ukazidi. Nyanya yangu, Ayeeyo, alikuwa amekaa na wanawake hatua chache, akanitazama usoni.

"Wewe! Mkono wako umekuta nini?"

"Hakuna kitu, Ayeeyo."

Akainuka, akaja mpaka katikati ya wanaume, fimbo mkononi. "Hakuna kitu, na uso umekuwa kama majivu? Uliwekwa hapo useme. Kama huwezi kusema, toka, niweke mbuzi akae mahali pako, angalau yeye atalia."

Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Moyo unakimbia! Anasikia! Ameshindwa tu kupiga teke!"

"Amelala kama gogo, anasikia nini?" Adeer akafoka.

"Iko nini?" daktari akauliza. Dresa akamweleza. Daktari akatia mipira yake masikioni, akasikiliza kifua cha Adey, akaweka kisu chini. Wakaongeza matone, tukangoja. Moyo ukashuka taratibu. Alipokata tena, ulishtuka kidogo tu, ukarudi kwenye mwendo wake. Kijiti kikatoka, kirefu kama kidole changu, na usaha ukafuata.

Kidonda kilikuwa bado hakijasafishwa. Adeer, aliyekuwa karibu na kichwa, akasema tumimine dawa zaidi ili tumalize haraka. Dresa na daktari walikuwa wameinama kwenye kidonda, hawakuona. Adeer akachukua chupa akaimimina mwenyewe kwenye pamba ya mfuko. Punde moyo ukalegea chini ya mkono wangu. Ukapiga, ukakaa. Ukapiga, ukakaa zaidi.

Sikungoja jicho la mtu. "Toeni mfuko! Anaondoka!"

"Nyamaza, mtoto wewe!" Adeer akanifokea.

"Sinyamazi!" Nikaruka, nikaung'oa mfuko mdomoni mwa Adey, nikautupa kwenye miiba. Daktari alinipigia kelele kwa Kiingereza, kisha akasikiliza kifua, akaacha kelele. Akaanza kumkandamiza mbavu. Tulikaa hivyo muda mrefu, mimi nikisoma Fatiha, mpaka moyo ukarudi, dhaifu, halafu wa kweli.

Baadaye dresa alinieleza. Dawa ile hufunga miguu kwanza. Moyo huendelea kupambana na kisu wakati miguu imeshatulia, na unahitaji dawa zaidi ndipo nao utulie. Lakini kutoka kutulia mpaka kusimama ni matone machache tu.

Maziwa ya siku mbili yalinuka dawa, Ayeeyo akayamwaga, Abdi akanywa ya mbuzi wa jirani akilia usiku na mchana. Siku ya tatu nilimkamua Adey, maziwa hayakunuka tena, Abdi akanywa. Adeer mpaka anakufa alisema ng'ombe yule aliponywa na kamba zake. Mimi sikumwogopa tena.

Basi sikilizeni. Kiumbe akitulia msiseme haumwi. Awe mnyama, awe mke wako, awe mtoto uliyemkemea mpaka akakauka, mguseni mjue. Na wewe uliyegusa ukajua, sema, hata kama anayekutazama ni mkubwa wa boma zima. Heshima haikukutaka uwe bubu. Mwenyezi Mungu awape mikono inayojua na ndimi zisizotetemeka, na awazidishie mifugo na watoto.

Na nyumbani kwangu nimeshaamuru: hakuna kisu kitakachomgusa mnyama mpaka anayemkamua ameweka mkono kwenye moyo wake, na akisema acha, mnaacha, hata kama ana miaka saba.