Kidonge Kilichogoma Kuyeyuka

Ukichungulia dirisha la dobi wa pale kona, utamwona mama mmoja mnene, kilemba kichwani, mvuke umemmeza nusu, anapitisha pasi juu ya shati taratibu kama anayelibembeleza lilale. Huyo ndiye Mama Mkunjo. Wateja ndio waliombandika jina hilo, maana mkunjo mmoja kwenye kola humkosesha raha kutwa nzima. Usimpelekee suruali ukamwambia ainyooshe vyovyote tu. Atakutupia jicho mpaka usahau ulichofuata.

Ana kifafa tangu usichana. Zamani alianguka jikoni, alianguka sokoni, alianguka mbele za watu waliomkimbia. Kisha daktari akamwandikia vidonge, asubuhi na jioni, na kuanguka kukakoma. Akaolewa, akazaa, akamsomesha binti yake kwa pasi ile ile. Mpaka leo, kabla ya kumeza, hukiweka kidonge kiganjani akakitazama. Kidude kidogo kuliko kifungo cha shati, na ndicho kinachomshikilia mtu mzima asidondoke! Jamani, hajawahi kulizoea jambo hilo.

Na kwa kumeza hana mzaha. Ili asisahau, karibuni alikuwa ameanza kuvitoa vidonge vyote kwenye chupa yake na kuvimimina katika kopo la vifungo, kisha kopo analiweka rafuni, juu kabisa ya pasi, pale macho yake yanaposhinda. Nani angemlaumu? Dobi kitu chake cha muhimu hukiweka anapokiona.

Basi binti yake akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, na bibi akawa hasikii haambiwi. Akifunga kazi, mbio kwenda kumpakata. Jioni moja alikuwa amesimama naye dirishani, mara mkono ukaanza kumruka. Binti aliwahi kumdaka mtoto. Mama akaenda chini.

Alipozinduka alijikuta amelazwa ubavu, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, binti yuko kando yake analia, kamkumbatia mtoto. Binti alimuuliza kama ameacha dawa. Mama akaapa kwamba hajaruka hata kidonge kimoja. Binti hakubishana naye, lakini tangu hapo mtoto hakuwekwa tena mikononi mwa bibi yake. Haukupita muda, akaanguka tena, safari hii kazini, pasi ikamkosakosa uso. Hiyo pasi wala haikumtisha sana. Kuonwa mwongo na mwana uliyemzaa mwenyewe, hapo ndipo palipomuuma. Akafika mahali pa kuwaza ameze viwili viwili, liwalo na liwe. Afadhali woga ulimshika, akaenda kliniki kuuliza kwanza, na binti akamsindikiza.

Muuguzi wa kifafa hakumgombeza. Alimuuliza kuhusu usingizi, homa, dawa nyingine anazotumia, halafu akaomba kuviona vidonge. Mama Mkunjo akatoa kopo lake. Muuguzi akataka kujua linakaa wapi. Alipoambiwa ni juu ya pasi, akaleta vikombe viwili vya maji. Kimoja akatia kidonge cha kwenye kopo, kingine kidonge kipya cha aina ile ile.

Kile kipya kililainika, kikamomonyoka, kikabaki unga unaoelea. Cha kopo kilitulia chini kama kokoto. Muuguzi alikwenda kumhudumia mgonjwa mwingine, akarudi, na kokoto bado ni kokoto.

"Unyevu wa mvuke umeviingia ukavigandisha vikawa vigumu," alisema. "Umemeza kila siku, mama, nakuamini. Ila dawa nyingi ilipita tumboni bila kukufikia."

Mama Mkunjo aliinamia vikombe. Mvuke, kitu kisichoshikika, aliouvuta puani miaka yote na uliomlisha yeye na mwanawe, umekaa rafuni kimya kimya ukaiba nguvu ya kidonge! Na kidonge nacho kilikuwa kimebeba mzigo mkubwa kiasi gani, hata kilipochoka kidogo tu yeye akaanguka? Alikodolea macho kikombe kile kama mtu anayeona maji kwa mara ya kwanza.

Daktari alimpa dawa mpya. Akamwagiza zikae kwenye chupa yake, kifuniko kimekazwa, mahali pakavu. Asiongeze, asipunguze, asiache bila kumwuliza, na pasi aiweke kando mpaka atakapomruhusu. Kwa hilo la pasi alinung'unika njia nzima, kola za watu atazinyoosha nani.

Nyumbani, binti alitandika godoro sakafuni, akamwambia mama yake aketi katikati na kuegemea ukuta. Kisha akaketi naye, bega kwa bega.

"Nisamehe, mama," alisema, na akampakatisha mtoto.

Gauni la mtoto lilikuwa limejaa mikunjo kuanzia shingoni hadi miguuni. Mama Mkunjo aliiona yote. Akaiacha.