Maji ya Kijani Waliyoyakataa Kuku Wangu

Shule mie niliishia darasa la nne, lakini nyumba ya Kibamba nimeijenga kwa kuuza misumari, na humo ndani sheria ni moja: maji hayamwagwi. Bomba likitoa leo, wiki nzima linapumzika. Maji ya kuoshea vyombo yanapiga deki, ya deki yanakwenda chooni.

Kwa hiyo nilipokuta dirishani kwa binti yangu chupa ya maji yaliyogeuka kijani, nikasema huyu mtoto ana israfu. Nikayamimina kwenye beseni la kuku. Wakaonja, wakatikisa vichwa, wakaondoka.

"Mnaringia nini?" nikawauliza. "Mnataka soda?"

Binti anasomea mambo ya bahari chuo kikuu. Kurudi, akaikuta chupa tupu imeoshwa.

"Shikamoo baba. Maji yangu yako wapi?"

"Marahaba. Nimewapa kuku. Wamekataa."

"Baba! Ule ni mwani wangu wa Kimbiji! Miezi minne naulea, Jumatatu nauonyesha kwa walimu!"

Mwani naujua, kina mama wanauanika. Mle hamkuwa na mwani. Lakini binti alishakimbilia bandani. Akaja na tone, akaliweka chini ya hadubini ya kuazima, akachungulia. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, kazi ambayo sijaizoea.

"Wamo," akasema. "Wazima."

Nikachungulia nami. Vidude vya kijani, mbio mbio.

"Huyo mnyama. Mmea gani unatembea?"

"Anakula jua baba, kama mchicha. Anaogelea kwa hivyo vijeledi viwili. Aina zao tunazitambua kwa kuhesabu vijeledi na kutazama magamba."

"Miaka yote hiyo unasomea kuhesabu mikia?"

"Ndiyo, baba."

Sawa. Lakini mie huwezi kunichanganyia msumari wa inchi tatu na wa nne. Nikatazama tena.

"Hapa pana aina mbili. Yupo mwingine hana rangi, anakwenda kama mlevi."

Akanisukuma pembeni. "Huyo katoka kwenye beseni lako! Na anawala wangu!"

Siku mbili tulikaa mezani, yeye anavuta tone moja moja, mie nachungulia na kutamka: "Safi." "Mlevi." Safi wakarudi chupani.

Jumatatu alifaulu. Walimu wakamuuliza nani alimsaidia kuchambua. Akawaambia, baba na kuku wake.

Chupa sasa imebandikwa karatasi: BABA USIGUSE. Siigusi. Ila kila asubuhi naikagua kupitia kioo, na kuku nimewaomba radhi.