Fidla Zinazochelewa

Nyumba yangu iko upande wa vilima vya Iveti, nje kidogo ya mji wa Machakos. Tangu mke wangu afariki mwaka jana, sauti zinazosikika humo mara nyingi ni za watu nisiowajua wakipiga fidla. Nitaeleza, maana nikiishia hapo watu watadhani upweke umenipanda kichwani.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya. Chumba cha nyuma nimekibandika trei za mayai ukutani, nina kinanda, maikrofoni mbili na kompyuta ya zamani yenye feni inayonguruma. Ndani ya kompyuta hiyo mna mkusanyiko wa sauti za ala, nilioununua kwenye diski enzi ambazo watu bado walinunua diski. Wanamuziki fulani huko ng'ambo waliketi ukumbini wakapiga kila noti ya fidla, ya selo, ya filimbi, moja baada ya nyingine, zikarekodiwa. Nikibonyeza kinanda huku kwetu, noti inayolia ni ileile waliyoipiga wao. Kwa miaka mingi wamesindikiza kwaya za makanisa ya huku, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, na hakuna hata mmoja wao anayejua.

Baada ya mazishi niliwasikiliza sana. Kuna noti moja ya chini ya selo ambapo mpigaji anavuta pumzi kabla ya kuanza. Waliorekodi hawakuisafisha. Kwenye nyingine kiti kinalia. Saa kumi nilikuwa najipikia chai, naketi nayo peke yangu, nabonyeza noti ile na kumsikia yule mtu akivuta pumzi. Sijui kama yu hai bado. Lakini chumbani alikuwepo, na jioni hiyo ilinitosha.

Binti yetu, anayefanya kazi Nairobi na kukaa Syokimau, alikuja siku moja akanikuta katika hali hiyo. Alipokuja tena alinibebea kompyuta mpya na mkusanyiko mpya wa sauti, mkubwa kiasi cha kujaza diski nzima, akaniambia ile mashine ya zamani ni ya kupeleka makumbusho. Nilikasirika, nikasema asante.

Wenzangu wa kazi hii hupenda kubishana kama sauti hizi za zamani bado zinafaa. Nitasema ninavyoona. Tarumbeta za mkusanyiko ule wa zamani ni aibu tupu, zinalia kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini. Filimbi, ukirudia noti haraka, inatoka ileile, ileile, mpaka msikilizaji anajua hakuna mtu pale. Ile kwaya ya kuimba "aaa" ni ya watu wenye mafua. Piano haina neno. Na fidla ni tamu mpaka leo, ila zina uzembe wa kuanza. Ukibonyeza haziji papo hapo, zinavimba polepole kama unga wa mandazi.

Hizi mpya, lazima niwe mkweli, ni nzuri. Kila noti imepigwa mara nyingi kwa namna tofauti, hivyo hairudii. Fidla zinaitika kidole kikigusa tu. Hakuna pumzi wala kiti. Nilizichukia kwa siku kadhaa, kisha nikazikumbatia, kwa sababu nilikuwa na shida moja na nilidhani zitaitatua.

Misa ya kumbukumbu ilikuwa inakaribia. Mwaka ulikuwa unatimia tangu tumzike mke wangu, kaburi limeshajengewa, na kwaya yake ilikuwa imekubali kuja hapa nyumbani kuimba wimbo wa sadaka aliokuwa akiupenda kuliko zote. Aliimba soprano katika kwaya hiyo tangu kabla sijamwoa, na huko ndiko nilikomwona mara ya kwanza. Hakuwa kiongozi wala mwanzishaji. Alisimama mstari wa pili, katikati, na wakubwa kwa wadogo walimwita Mama tu.

Sasa kwaya ile ina ugonjwa. Inachelewa kuingia. Napiga utangulizi, nafika pale pa kuingia, nao wanakuja nukta kidogo baadaye, wote pamoja, safi kabisa, lakini wamechelewa. Utausikia ugonjwa huo katika kila rekodi tuliyotoa. Kwaya nyingine zilizojifunza nyimbo kutoka kwenye rekodi zetu zikaanza kuchelewa vilevile, hata padre mmoja mgeni akatusifu kwa kuhifadhi mtindo wa kale wa Wakamba. Sikumsahihisha.

Lawama zote nilizitupia fidla. Niliamini wamezoea kuzingoja zivimbe. Mara hii nilitaka waingie mahali panapostahili, kwa ajili yake. Kaburi lilijengwa na fundi, chakula kingepikwa na kina mama wa jumuiya, hema lingekuja na wenye hema. Kitu pekee ambacho ningempa kwa mikono yangu kilikuwa huo wimbo.

Jumamosi moja walikuja sebuleni kwa mazoezi. Nikawasha kompyuta mpya. Mimi hupiga nikiwapa mgongo, kwa sababu soketi ya stima iko ukutani na waya ni mfupi, na hata kanisani kinanda kinatazama ukuta. Nikapiga utangulizi, fidla zikaitika papo hapo, kwaya ikachelewa. Nikarudia. Safari hii ikawa mbaya zaidi, mmoja akaingia huku, mwingine kule, besi wakaingia mwisho kabisa kama waliokuja kuaga. Nikageuka nikawaambia kwamba fidla zimeshafika njia panda ya Kyumbi na wao bado wanatafuta viatu. Kwa kawaida wangecheka. Hakuna aliyecheka, na baadhi ya kina mama waliinamisha macho.

Wengine walipotoka kwenda kunywa chai uani, mwalimu wa kwaya alibaki. Ni mama mmoja jirani yetu, mstaafu wa shule ya msingi, asiye na maneno mengi. Aliniuliza kama ninaweza kurudisha zile fidla za kwanza. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba hizo ndizo zilizowaharibu, wakazoea kungoja.

"Mwalimu," akasema, kwa kuwa huku kila anayeshika kinanda huitwa hivyo, "sisi hatukuwa tunangoja fidla. Tulikuwa tunaangalia mabega ya Mama. Akivuta pumzi, tunaingia."

Nilimuuliza ilikuwaje basi Mama achelewe, yeye aliyekuwa na sikio kutushinda sote. Mwalimu wa kwaya alitazama mlangoni kwanza, kama mtu anayetaka ruhusa.

"Alituambia hizo fidla zako ziko na uzito wa kuanza. Akasema tukiingia mapema tutakufunika, watu waseme hujui kupiga. Tukupatie nafasi kwanza."

Nilikumbuka jioni zote nilizoketi na mke wangu tukila, nikiwasema wanakwaya kwamba ni wazito, kwamba hawafundishiki, naye akiniongezea mboga na kusema watajirekebisha. Kila Jumapili nilikuwa nimempa mgongo. Wao walimngoja yeye, na yeye alikuwa ananingoja mimi. Nililia mbele ya yule mama bila aibu. Hakunibembeleza. Alikaa tu mpaka nilipomaliza, kisha akaenda kunywa chai yake.

Upweke wa kumkosa nilikuwa nimeshauzoea, au niseme nilijua mahali unapoketi ndani ya nyumba. Huu ulikuwa mwingine. Nilitamani kumgombeza. Nilitamani kumuuliza kwa nini hakuniambia, nikanunua sauti nyingine, tukaenda sawa kama watu wengine. Nilijua pia angenijibu nini. Angesema zile zilikuwa zinatosha.

Tuliafikiana na mwalimu wa kwaya kwamba nitatumia fidla za zamani, na kwa kuwa Mama hayupo, mimi ndiye nitakayewapa pumzi. Niinue mabega, wao waingie. Kwa wiki nzima nilijifunza mbele ya kioo cha kabati kuinua mabega na kupiga kwa wakati mmoja. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Binti yangu alinipigia simu kuuliza kama mashine mpya inanifaa, nikamwambia kazi za wateja wote nafanya nayo, jambo ambalo ni kweli, na kwamba siku ya misa tu ndiyo nitaipumzisha. Akasema sawa.

Siku yenyewe wenye hema walikuwa wametandaza waya mrefu, wakakiweka kinanda kikiielekea kwaya. Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwapigia, niliwaona wakiimba. Walivaa sare zao za bluu. Mstari wa pili, katikati, walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

Wakati wa sadaka ulipofika nikapiga utangulizi. Fidla zikaanza kuvimba. Nikafika pale pa kuingia, nikahesabu moyoni, nikainua mabega kama nilivyojifunza.

Hakuna aliyeniona. Wote, kuanzia soprano mpaka besi, walikuwa wanaitazama ile nafasi. Wakavuta pumzi, wakaingia pamoja, kwa kuchelewa kulekule. Nikakosa noti mbili, na hakuna aliyegeuka.