Mita ya Baba na Mita ya Baba Mdogo

Ule mlio wa piii unaotoka kwenye mita ya kupimia umeme, nyaya zake mbili zinapogusana, unanikera mpaka leo. Nimeusikia juzi dukani Mkuyuni nilipokwenda kutafuta mita ya chumbani kwangu. Muuzaji alikuwa ananilinganishia: hii ya zamani unazungusha swichi uchague kipimo mwenyewe, hii mpya inajichagulia. Alipoona nasita alidhani sielewi. Nilikuwa naelewa kupita kiasi.

Kwetu Kirumba zilikuwapo zote mbili, na zilitugawa.

Ya zamani ilikuwa ya baba: rangi ya njano iliyopauka, nzito kama tofali, namba zikitokea taratibu. Ndiyo aliyobaki nayo alipopunguzwa kazi ya ufundi umeme kwenye kiwanda cha samaki, tukawa tunategemea kipato cha mama. Nyumbani ikawa sheria: umeme ukikatika ukarudi, hakuna kuwasha friji mpaka baba apime, maana ukirudi na nguvu unaunguza vitu. Alipiga magoti mbele ya soketi, nasi tukanyamaza kama tuko kanisani.

Mpya ilikuwa ya mdogo wake, aliyekaa chumba cha uani. Nyepesi, ina taa, inajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Siku ya kuamkia kipaimara cha dada, friji lilikuwa limejaa sato wa sherehe. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi mchana wakati mama ameshaanza kuwanusa samaki mmoja mmoja. Baba akapima. Volti mia mbili sitini na tano, na kawaida ni mia mbili thelathini.

"Hakuna kuwasha," akasema.

Baba mdogo akaja na yake bila kuitwa. Mia mbili thelathini.

"Kaka, hiyo mita imekufa. Izike."

"Yako si inakuchagulia kila kitu? Iambie ikuchagulie na mke."

Dada akacheka. Baba mdogo hakucheka.

"Mimi yangu naenda nayo kazini, kaka. Yako imeajiriwa na shemeji."

Mama akapita katikati yao, akachomeka friji. Likaunguruma vizuri tu. Baba akaviringisha nyaya kwenye mita yake, polepole, akatoka nje. Kwenye sherehe alikula wali mtupu. Baba mdogo akahamia Usagara, na hata leo nikimwamkia, baada ya marahaba huniuliza habari za mama peke yake.

Chuoni nilijifunza kwamba mita ya aina ile, betri ikichoka, huzidisha namba kabla ya kuzima. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilijiona nimeshika dawa ya ukoo: kumbe ilikuwa betri tu! Nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena, mwisho nikamweleza baba nikichagua kila neno nisimdhalilishe.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Nilibadilisha betri jioni ileile. Nikapima tena, ikasoma kama yake."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimwambie nini?"

Utotoni niliamini wanagombana kwa sababu namba hazilingani. Kumbe zililingana kabla hata sherehe haijaanza, na baba, huku akijua hivyo, akaketi mezani na mdogo wake, akasukuma sahani ya samaki pembeni.